Stuli Nyuma ya Wavu

Mimi Mwanamisi binti Faki, muuza chai na mahamri mjini Kitui, nina ulimi mkali na sitaufunga leo. Watu wakimtaja Ndolo husema, "Yule aliyegawa pesa za mama mkwe wake." Nikisikia hivyo hutamani kummwagia mtu birika zima la chai. Ndolo hakugawa kitu cha mtu. Tulieni niwaambie, kisha mtaamua wenyewe.

Alirudi kutoka vita vya Burma mwaka wa arobaini na sita akiwa na kipande cha chuma gotini. Daktari wa jeshi alimwambia wazi: mguu huu ukipumzika utakutumikia mpaka uzeeni, lakini ukisimama kutwa, siku nenda siku rudi, goti litakauka na halitakunjika tena. Maneno hayo Ndolo aliyarudia mpaka nami nikayahifadhi. Na aliyarudia akiwa amesimama, kwa sababu kazi aliyoipata ilikuwa ya mlangoni.

Benki ilifunguliwa mwaka wa hamsini na mbili, mkabala na meza yangu, katika nyumba iliyokuwa duka la Mhindi muuza mablanketi. Ndolo akaandikwa tarishi: afungue mlango, afagie, apeleke barua posta, atafsiri Kikamba. Alipewa kaki iliyopigwa pasi na amri moja, kwamba tarishi haketi saa za kazi. Ndani kulikuwa na kaunta yenye wavu wa waya, na nyuma ya wavu, juu ya stuli ndefu, alikaa Bwana Pinto, Mgoa aliyeletwa kutoka Nairobi. Ndolo hakutamani mshahara wa Pinto wala tai yake. Alitamani ile stuli.

"Dada Mwanamisi," aliniambia siku ya kwanza, "kumbe kuna mtu analipwa kwa kukaa! Ai asi!"

"Njoo ukae kwangu bure," nikamwambia, nikamsogezea kigoda changu cha jikoni.

"Hapana. Nitakaa siku nitakapokuwa upande ule wa wavu."

Mbishi yule! Kila jioni alivuka barabara, akanywa chai amesimama, mguu mbovu ameunyanyua kidogo kama jogoo, na kigoda kiko pale pale kinamtazama. Nilimtania mpaka nikachoka.

Basi benki ile ilikaa tupu. Watu walikuja, wakachungulia, wakaenda zao kufukia pesa chini ya mawe ya jikoni kama kawaida. Meneja, Mzungu mwembamba aliyetokwa jasho hata asubuhi, alisimama mlangoni akitazama barabara. Aliamini Wakamba ni wajinga wa mambo ya benki. Ndolo alijua sababu, na sababu ilikuwa wino. Asiyejua kuandika alitakiwa kuchovya dole gumba katika wino mweusi, na ni nani miaka ile asiyeujua wino ule? Ndio wa kipande, kile cheti cha kazi walichofungwa wanaume shingoni. Babu aliuchovya, akapelekwa kazi ya lazima. Mjomba aliuchovya, ng'ombe wake wakahesabiwa na kupigwa mnada. Leo tena uchovye kwa hiari yako, halafu umwachie Mzungu pesa? Nani kakuroga?

Ndolo akamwendea Meneja, akavua kofia. "Bwana, waache wachore alama zao."

Meneja hakuelewa. Ndolo akamweleza kwamba kila boma la Mkamba lina alama yake iliyochomwa kwenye mizinga ya nyuki. Mzinga unaning'inizwa porini, mbali na nyumba, na hakuna atakayeugusa akiiona alama ya mwenyewe. Na wanawake, kila mmoja ana mistari yake anayoisuka katika kiondo chake, hata sokoni kiondo kikipotea hurudishwa kwa mwenyewe kwa kutazamwa tu. Mtu anayejua kuchora alama ya mzinga wake, sahihi gani tena anatafutiwa?

Meneja alicheka. Kisha akatazama benki yake tupu, akaacha kucheka.

Palikuwa na shimo moja, na Ndolo mwenyewe ndiye aliyeliona kabla ya wenye tai. Alama ya mzinga ni ya baba, na ndugu wote huirithi. Na mistari ya kiondo, aliyefundishwa kusuka na mwingine anaweza kuiiga. Kwa hiyo akatunga kanuni: alama na uso. Mtu akishachora, Ndolo anasimama kando ya wavu, anamtazama usoni, anamsalimu, anamuuliza ukoo na kilima cha kwao, kisha anamwambia Pinto, "Ndiye." Bila neno hilo, pesa hazitoki. Na Ndolo alikuwa na macho, wallahi. Akishakuona mara moja, hata uje umenyolewa kichwa atakujua.

Watu wakaja! Walikuja kutoka Migwani, kutoka Mutonguni, kutoka Mwingi, wazee wakichora alama zao kwa fahari wakitoa ulimi nje. Mimi nikaongeza jiko la pili. Bwana Pinto alikosa hata nafasi ya kunywa chai yangu ikiwa moto.

Habari zikafika Nairobi, na wakubwa wakataka benki ya gari iende Makueni siku za soko, kule Nunguni, Mukuyuni na Kikima. Meneja akamleta Jonah, kijana wa shule ya misheni, mwandiko wake safi. Akamwita Ndolo mbele ya watu wote, nami nipo na birika langu mkononi.

"Wewe fundisha Jonah maneno yote," akasema kwa Kiswahili chake cha Kisetla. "Jonah nakwenda Makueni na gari. Hapa mimi natengeneza dirisha ingine na stuli ingine. Ile stuli ya wewe."

Ndolo alitoka nje akaegemea ukuta. Nilidhani mguu umemuuma, kumbe analia.

Jioni ile nilimwambia wazi. "Penye kuku wengi usimwage mtama. Mfundishe nusu, nusu kaa nayo. Stuli ukishaikalia, mmalizie."

"Dada, huko Burma tulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua mtambo wa simu. Hakutaka kumwonyesha mwenzake, ndio uliokuwa ukubwa wake. Alipopigwa risasi sote tukawa mabubu, tukafa ovyo. Mutie alifia hapo. Ujuzi wa mtu mmoja huzikwa naye."

Mutie alikuwa ndugu wa Kalunde, mke wa Ndolo.

Basi akamfundisha. Jioni walikuja kwangu, Ndolo akamwaga unga wangu mezani na kuchora alama kwa kidole: hii ya Mutonguni, hii ya ndugu yake, tazama mkia huu. Niliwatukana kwa unga wangu wote ulioharibika. Jonah, nakiri shingo upande, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mlokole asiyegusa hata ugoro, lakini alishika masomo na alimwita Ndolo mwalimu. Fundi akaja, akatoboa dirisha la pili, akafunga wavu. Stuli ikashushwa kutoka lori la Nairobi ikiwa imefungwa gunia. Ndolo aliipapasa miguu yote minne. Ilibaki Jonah aende zake Makueni mwisho wa mwezi, basi, mtu akae.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Wakamba wana kitu wanachokiita nthoni. Ni haya, lakini si haya ya kawaida. Mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Jina la mama mkwe likitajwa tu na mama mwenyewe yuko karibu, mkwe anageuka na kujifunika. Mimi mtu wa mjini, mama mkwe wangu tulirushiana maneno mpaka majirani wakaja kutuamua, lakini kwa Mkamba aliyelelewa, nthoni si mchezo. Ndolo alimwoa Kalunde kabla ya vita, na miaka yote hiyo hakuwahi kuuona uso wa Nzilani, mama yake Kalunde. Dawa yake ipo: mbuzi na blanketi jipya, wazee wakae, kisha wasalimiane. Lakini Ndolo alisema blanketi la mama mkwe haliwezi kuwa la kijivu la jeshi. "Nikikaa kwenye stuli, mshahara ukipanda, nitampelekea zuri, jekundu."

Na Nzilani alikuwa na pesa katika benki ile. Serikali ilimlipa kwa ajili ya Mutie, mwanawe aliyekufa. Wazee waliamua zote ziende kwa mama. Kaluki, mjane wa Mutie, kwa kuwa hakuzaa, aliachiwa jembe lake tu. Nzilani alitaka kuezeka nyumba kwa mabati, maana nyasi zilikuwa zikivuja. Ndolo, kwa kinywa cha Kalunde, ndiye aliyemshawishi pesa zikae benki mpaka fundi apatikane. Siku ya kuziweka, Ndolo alijipeleka posta makusudi, na Bwana Pinto ndiye aliyempokea mama.

Siku ya soko, mwisho wa mwezi unakaribia, benki imejaa hadi barazani. Pinto yuko kwenye dirisha lake na foleni yake. Jonah yuko kwenye dirisha jipya akijizoeza, Ndolo kando yake. Akaja mwanamke amejifunika leso mpaka machoni, mwili umeinama. Akachora mistari ya kiondo bila kusita. Akanong'ona jina. Jonah akalirudia kwa sauti, "Nzilani, mama yake Mutie?"

Ndolo aliposikia jina hilo alivuta kofia usoni, akageukia ukuta. Foleni nzima ikaona, na wazee wakanong'onezana kwamba huyo kweli amelelewa.

"Mwalimu," Jonah akauliza, "ndiye?"

Hebu niambieni, angesema nini? Kila nukta mama mkwe anayosimama mgongoni mwako mbele za watu ni matusi kwake. Heshima ni kumwondoa upesi. Ndolo akauambia ukuta, "Mpe aende."

Jonah naye ni Mkamba, hata kama ameokoka. Hakuona ajabu yoyote. Akampa.

Yule alikuwa Kaluki. Alifundishwa kusuka na Nzilani mwenyewe tangu alipokuja bibi harusi, na mistari ile ilikuwa vidoleni mwake. Siku hiyo hiyo alipanda lori hadi Sultan Hamud, na kutoka hapo treni inajua yenyewe. Sitaki kumlaani sana. Mumewe alikufa, akaambiwa chukua jembe. Mwenye njaa hana miiko. Lakini, Yarabi, alijua mahali pa kupita! Alijua kwamba katika benki nzima kuna mtu mmoja tu ambaye Ndolo hawezi kumtazama.

Hatukujua lolote mpaka Nzilani alipokuja mwenyewe, fundi wa mabati keshapatikana, Kalunde amemshika mkono. Nilikuwa ndani na birika la Bwana Pinto. Kalunde alitaja jina la mama, na Ndolo, maskini, akavuta kofia akageukia ukuta ule ule. Pinto akatazama kadi, akatazama tena, akasema zimekwisha chukuliwa zote.

Nzilani hakuelewa. Ilibidi Kalunde amwambie kwa Kikamba, polepole. Mama yule alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya saruji. Hakuweza kumsemesha mkwe wake, kwa hiyo alimsemesha binti yake.

"Muulize mumeo, nani amechukua damu ya mwanangu?"

Ndolo akajibu ukutani, "Mwambie mama nilidhani ni yeye."

"Muulize alinionaje."

"Mwambie sikumwona. Mwambie sijawahi kumwona."

"Basi ageuke anione sasa!" Nzilani akapiga kelele, na foleni yote ikarudi nyuma, kwa sababu mama mkwe hasemi hivyo. "Ageuke!"

Hakugeuka. Mkono ameubandika ukutani, mguu mbovu unacheza, lakini hakugeuka. Mimi nilitaka kumshika nimgeuze kwa nguvu, na nilitaka pia kumfunika kwa leso yangu. Nilisimama na birika tu.

Meneja akatoka ofisini. "Wewe siku ile hapana angalia yeye?"

"Hapana, Bwana."

"Sasa angalia. Ile mama ya leo ndiye?"

"Siwezi, Bwana."

Bwana Pinto akamweleza kwa Kiingereza mambo ya nthoni. Jonah akasimama, uso umempauka, akasema ni yeye aliyetoa pesa, alaumiwe yeye. Meneja akamnyamazisha kwa mkono. Akasema Jonah aliuliza tu, na Ndolo ndiye aliyejibu. Akaitazama stuli mpya, akamtazama Ndolo aliyekuwa bado ukutani.

"Mtu nafunga macho hapana kaa hapa."

Ndolo akarudi mlangoni. Jonah akakalishwa kwenye stuli ya Kitui, na Makueni akatafutwa mwingine wa kwenda. Nzilani hakulipwa hata senti nyekundu. Walisema alama ilikuwa sahihi na mtu wao alikubali.

Na mnajua Ndolo alifanya nini? Mimi nilitaka amtemee mate Jonah. Yeye, wiki ile ile, alimwita kando akamwonyesha namna ya kuliziba lile shimo. Kila mfanyakazi ataje wakwe zake mapema, na mwenzake awajue kwa sura. Mkwe akija, mwenye haya atoke nje, mwenzake atazame. Jambo dogo kama hilo! Jonah akampelekea Meneja, Meneja akawapelekea wakubwa, wakubwa wakafurahi. Kanuni ikaenda Nunguni, ikaenda Kikima, ikafika kote walikokuwa na dirisha. Jonah akatunukiwa saa ya mkononi.

Fadhila ya punda ni mashuzi, na mnisamehe kwa ulimi. Jonah alikuja mezani kwangu akiificha saa ile chini ya mkono wa shati. "Nilimwambia Meneja ni maneno ya mwalimu," akasema. "Akajibu, vema, vema, akaniuliza habari nyingine." Nilimwambia anywe chai aende zake.

"Kwa nini ulimwambia?" nikamgombeza Ndolo. "Hujachoka kuporwa?"

"Ningenyamaza, kesho ingekuwa mama wa mtu mwingine."

Nikarudi kukanda mahamri yangu.

Alikopa, akanunua blanketi jekundu. Akanunua mbuzi. Akawatuma wazee kwa Nzilani waivunje ile nthoni, ili aende apige magoti mbele yake aombe msamaha kwa kinywa chake. Wazee walirudi na mbuzi na blanketi. Nzilani alikuwa amesema, "Mara mbili alisikia jina langu akanipa mgongo. Abaki nao. Mimi sina uso wa kumwonyesha." Kwa hiyo Ndolo hakuweza kuomba, wala yeye kusamehe. Kalunde akawa mtu wa katikati, hana amani kwa mumewe, hana amani kwa mama yake. Blanketi lile halikufunuliwa, liliwekwa juu ya dari na panya wakalipata.

Nzilani alifariki mwaka wa hamsini na saba, mvua za Novemba, chini ya zile nyasi zake zinazovuja. Siku ya maziko Ndolo alisimama ng'ambo ya bonde, kwenye mvua, mpaka watu walipotawanyika. Meneja alikuwa amempa nusu siku, kwa hiyo mchana akarudi kufungua mlango. Jioni akavuka barabara kuja kwangu, kaki inachuruzika maji.

"Dada Mwanamisi," akasema, "unajua hata sijui alifananaje? Watu husema Kalunde amemfanana. Usiku nikimtazama Kalunde, huwa najaribu kumwona mama, nimwambie neno. Simwoni."

Mkono wenyewe ulikwenda, ukakisogeza kigoda, kama miaka ile yote. Na safari hii hakubisha. Wala hakutaja wavu. Alisema tu, "Lete, nikae. Nimechoka."

Akashika meza yangu kwa mikono miwili, akajishusha. Mguu mzima ukakunjika. Ule mwingine ukabaki umenyooka mbele yake, kavu, ukimsukuma nyuma. Akajaribu upande wa pili. Nikamshika kwapani, tukajaribu wawili. Goti likakataa.

"Basi, dada," akasema. "Acha."

Nikammiminia chai, akainywa amesimama.